Hofu ni Juu Yako: Barua Zetu za Vita vya Kagera

Mwaka 1978 mume wangu alikuwa sajini katika kikosi cha mizinga, nami nilikuwa koplo, muuguzi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Vita vya Kagera vilipoanza sote wawili tulipelekwa huko, yeye mstari wa mbele, mimi nyuma kwa majeruhi. Tuliandikiana barua tangu Novemba mwaka huo hadi aliporudi kutoka Uganda katikati ya 1980. Leo yeye ametangulia mbele ya haki, na barua za pande zote mbili ziko kwangu. Za kwake nilizitunza mimi. Za kwangu alizitunza yeye, akatembea nazo kutoka Mutukula hadi kaskazini mwa Uganda zikiwa zimefungwa kwenye nailoni zisilowe, akarudi nazo zote.

Vita vile vimeandikwa. Baldwin Mzirai alitoa kitabu chake cha Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, Henry Muhanika akatunga Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada uliotoka 1981, na tangu hapo magazeti hayajachoka kuwahoji makamanda. Nasoma kila ninachokipata. Askari wa kike hatajwi sana humo, na mke na mume waliokuwa vitani wakati mmoja sijawaona kabisa. Kwa hiyo naandika ninavyokumbuka, barua zikiwa mezani mbele yangu zinisahihishe pale kumbukumbu inapoteleza.

Tulifunga ndoa mwaka 1975. Mimi ni mtu wa Muheza, yeye wa Songea, na kambi ndiyo iliyotukutanisha. Kwao hawakufurahi sana. Mjomba wake alimwuliza mbele yangu, kwa upole lakini kwa uzito, nani atabaki na watoto siku tarumbeta litakapolia kwa wote wawili. Mume wangu akajibu kwamba siku hiyo nchi nzima itakuwa vitani. Mjomba akanyamaza. Mimi swali lile lilinikaa rohoni, na miaka michache baadaye lilinirudia kwa mwandiko wa mume wangu mwenyewe.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika nchi yetu hadi ukingo wa Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Waliua raia, wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari. Novemba 1 Amin alitangaza kwamba eneo lote lile sasa ni la Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam na kusema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Nilimsikia kwa redio ya wodini. Kijana mmoja aliyefungwa plasta mguu mzima aliteremka kitandani akasimama wima, tukamrudisha kwa nguvu.

Mume wangu aliondoka siku chache baadaye. Tulipata muda wa kuagana kiasi cha dereva kuwasha lori na kulipasha moto. Wanaotazama sinema hudhani wakati kama huo watu huambiana maneno makubwa. Yeye alinionyesha ulipo ufunguo wa sanduku, akaniambia deni lililobaki dukani, akasema, "Andika." Nikamjibu, "Andika wewe." Mtoto wetu, wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, nilikuwa nimeshampeleka Muheza kwa mama yangu, maana nami nilijua zamu yangu haiko mbali. Nilipelekwa Kagera mwezi Desemba.

Barua yake ya kwanza haisemi aliandikia wapi. Tulikatazwa kutaja mahali, na tuliambiwa barua zinaweza kufunguliwa na wakubwa kabla ya kufika, hivyo tangu mwanzo tuliandika tukijua kuna jicho la tatu. Lakini nilipoikunjua nilijua hapo hapo kwamba aliiandika ndani ya treni. Herufi zinatetemeka mistari mitano au sita, kisha zinatulia kabisa, kisha zinaanza tena kutetemeka. Pale zilipotulia ni stesheni. Nilihesabu vituo kwa kidole kama mtu aliye safarini naye, nikajua anakwenda Mwanza kwa reli ya kati, na kwamba alimaliza barua gizani, kwa sababu mistari ya mwisho inapandiana.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuzisoma barua zake, kwa mwandiko kwanza, maneno baadaye.

Vijana wa leo wakiona barua za enzi zetu hucheka utangulizi wake. Kila barua ilianza vilevile: natumaini u mzima wa afya, mimi huku ni buheri wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ukishapita hapo ndipo unafika kwenye dhumuni. Mimi naona utangulizi ule ulikuwa na kazi kubwa kuliko barua yenyewe. Mtu akiandika "mimi ni mzima" kutoka kwenye handaki, anatoa taarifa. Siku ile, saa ile, alikuwa na mkono wa kushika kalamu na kichwa cha kukumbuka maneno yanavyofuatana. Isipokuwa mara moja, mume wangu hakuwahi kuufupisha. Hata alipopata nusu karatasi iliyochanwa kwenye daftari, robo tatu yake aliijaza salamu, na habari akazibana pembeni, akizungusha maandishi ukingoni hadi unageuza karatasi mkononi ili uyafuate.

Posta yetu ilikuwa ya namna mbili. Ipo ya kikosi, iliyokuwa na njia zake na ucheleweshaji wake. Na ipo ya watu. Dereva aliyeleta majeruhi alikuwa na barua mfukoni, na kijana aliyepona akirudi kikosini alibeba majibu. Barua zilizopita mikononi mwa watu zilifika zina damu, zina matope, moja ina alama ya kikombe cha chai, lakini zilifika haraka. Simlaumu yeyote kwa zile za kikosi. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa na adui mapema Novemba, jeshi likavuka mto kwa madaraja ya muda, mvua zilikuwa zinanyesha, na kila lori lililopita lilikuwa na mizinga au chakula au watu. Karatasi ilingoja zamu yake.

Nifike sasa kwenye jambo lililozitofautisha barua zetu na za wengine. Askari aliyemwandikia mke wake raia aliweza kumficha. Angesema wanalala vizuri na wanakula vizuri, na mke kule kijijini angeamini, au angejitahidi kuamini. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo. Mimi niliwaona watu wa upande wake wakiletwa kwa machela. Niliona majeraha ya vipande vya bomu, niliona vijana waliokanyaga mabomu yaliyotegwa ardhini, niliona nyayo zilizooza kwa kukaa ndani ya viatu vyenye maji siku nyingi. Yeye akiandika kwamba wako salama, mimi nilikuwa nimeshaiosha miguu ya jirani yake wa handaki.

Kwa hiyo nilimwuliza kuhusu viatu. Barua zangu zote za Januari 1979 zinauliza viatu. Una soksi za kubadilisha? Unavivua usiku? Mnakausha wapi? Akanijibu kwa ukali kidogo: "Mama Mwana, acha kuuliza viatu. Najua umeona nini." Alikuwa amesoma maswali yangu kama ramani. Kutokana na niliyoyauliza alijua ni majeruhi gani wamefika kwetu, na kutokana na majeruhi alijua ni vikosi gani vimegongwa. Nami kutokana na hasira yake nilijua viatu ni vibovu. Hakuna mmoja wetu aliyevunja amri hata moja ya jeshi, na bado tuliambiana kila kitu.

Kuna barua ya Februari ambayo herufi zake zimelegea, "m" zina vilima viwili badala ya vitatu, na mstari unashuka kulia. Maneno yanasema ni mzima. Nilimfungia vidonge vya klorokwini katika karatasi nikampa dereva siku ileile, pamoja na kijikaratasi chenye dozi. Alipata nafuu, kisha akaniuliza nani amenipelekea habari za homa yake. Nikamwambia ni mkono wake mwenyewe.

Mizinga nayo iliongea. Ile ya maroketi mengi, BM-21, ambayo Waganda waliipa jina la Saba Saba, ilisifiwa sana wakati ule na bado inasifiwa. Mume wangu hakuwa kwenye hiyo, alikuwa kwenye mizinga ya kawaida, na mizinga ya kawaida humpiga anayeifyatua pia. Baada ya Mutukula kuchukuliwa mwezi Januari alianza kuniandikia kwamba wenzake wamekuwa wakimya sana. Baada ya Masaka, mwishoni mwa Februari, aliandika tena kwamba siku hizi hakuna anayezungumza, watu wanaonyeshana kwa mikono. Nilikaa na barua ile zamu nzima. Wodini kwetu kulikuwa na wapiga mizinga watatu, na wote walipiga kelele wakizungumza nami, kwa sababu hawakujisikia. Nikaelewa kwamba wenzake hawakunyamaza. Ni yeye aliyekuwa anapoteza masikio.

Muuguzi wa vita ni karani pia. Sikufundishwa hilo chuoni. Majeruhi wengi walikuwa wameumia mikono au macho, na wengine walikuwa wazima wa mikono lakini hawakuweza kutunga. Jioni, bandeji zikishafungwa na taa kupunguzwa, walianza kuniita, "Afande, nisaidie barua." Nilikaa pembeni ya kitanda nikaandika wanavyosema.

Na wote walitaka utangulizi uleule. "Andika mimi mzima wa afya." Nilimwandikia hivyo kijana aliyekatwa mguu juu ya goti siku mbili kabla. Aliniambia niandike kwa mama yake, Dodoma, kwamba ni mzima wa afya na hofu ni juu yake. Kalamu ilinigomea. Nikamwuliza kama nitaje habari ya mguu. Akafikiri kidogo, akasema, "Mguu nitautaja mwenyewe nikifika." Nikaandika alivyotaka, na nimeendelea kuona kwamba alikuwa sahihi. Mama yule angeisomewa barua na mtoto wa shule, mbele ya majirani, na asingekuwa na wa kumshika. Habari nyingine mwenyewe hupaswa kuzibeba.

Upande wa pili wa kazi hiyo nautaja kwa ufupi kwa sababu bado unaniuma. Barua ziliwafikia watu waliokuwa wameshakufa. Zilipita kwetu zikifuata nyayo za mtu kutoka kikosini, na sisi tulipaswa kuzipeleka ofisini zirudishwe. Hatukuzifungua. Lakini jina nje ya bahasha uliliona, na mwandiko uliuona, na mara nyingine ulikuwa wa mtoto aliyejifunza kuandika juzi. Baadhi ya wenye majina yale wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. Waliokwenda Kaboya wameyaona majina. Mimi nikiyasoma nakumbuka bahasha.

Machi 1979 ulikuwa mwezi mbaya. Jeshi letu lilikuwa linasonga kuelekea Kampala, na pale Lukaya, ambako barabara inapita katikati ya kinamasi, wanajeshi wa Amin wakisaidiwa na Walibya waliwashambulia watu wetu tarehe 10. Siku iliyofuata wetu wakajipanga upya wakawavunja. Hayo yamo vitabuni. Kwetu yalifika kwa njia ya malori. Nilimtazama kila aliyeshushwa, uso kwanza, halafu jeraha, na hilo ni kinyume cha tulivyofundishwa.

Barua yake baada ya Lukaya ni karatasi ndogo kuliko kiganja. Haina salamu, haina utangulizi, haina tarehe. Inasema: "Nipo. Nitaandika." Ni barua pekee kati ya zote aliyoiandika hivyo. Nilimwuliza mara nyingi baadaye ilikuwaje siku zile, na jibu lake lilikuwa kwamba nimeshaisoma.

Aliandika kweli, wiki kadhaa baadaye, na barua hiyo ndefu ndiyo iliyoleta ugomvi wetu. Alisema amefikiri sana. Mtoto hawezi kuwa na wazazi wawili vitani. Mmoja wetu atoke jeshini, na kwa kuwa yeye hawezi kuondoka katikati ya mapigano, nitoke mimi. Nirudi Muheza. Aliandika kwa upendo, sina shaka. Ndani ya maneno yake nilimsikia mjomba.

Nilijibu usiku uleule baada ya zamu, na barua hiyo nayo ninayo. Nilimwambia kwamba wodini kwetu kuna vitanda vingi kuliko wauguzi. Kwamba naye ana mtoto, kama mimi. Kwamba nikitoka mimi, mtu atakayemfunga damu yeye akiletwa atakuwa nani? Nikamaliza kwa sentensi moja iliyomuudhi sana: "Ukitaka mmoja wetu atoke, anza wewe." Tuligombana hivyo kwa barua miezi mingi, kila jibu likichukua wiki mbili au tatu, na hasira ya mmoja ikimkuta mwenzake ameshapoa. Nilipoandika kwa ukali nilipata jibu la barua yangu ya kabla, ya upole, na yeye vilevile. Hatukuwahi kuwa na hasira wakati mmoja. Nadhani hilo lilitusaidia.

Sikutoka jeshini. Hadi leo nasema niliamua vema. Kuna watu wanaotembea kwa sababu nilibaki, na mwanangu alilelewa na bibi aliyemlea vizuri kuliko ambavyo ningeweza miaka ile.

Huyo bibi nimweleze kidogo. Mama yangu alizaliwa, akakua, akazaa bila kujua kusoma. Serikali ilipofanya 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yakaenea vijijini, naye akaingia. Alikwenda jioni na leso yake na daftari, baada ya shamba na baada ya kuni. Vita vilipotukuta alikuwa anaweza kuandika, taratibu, kwa herufi kubwa kama punje za mahindi. Aliniandikia mimi habari za mtoto: meno, surua, maneno anayoyasema. Halafu mwezi Aprili alimwandikia mume wangu.

Kwetu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali sahani moja, hawaketi mkeka mmoja, na maneno hupitishwa kwa mtu wa tatu. Katika ndoa yetu nzima sikuwa nimewasikia wakizungumza zaidi ya salamu. Lakini mama alikuwa na kalamu sasa. Barua yake ni ya mistari miwili: "Mkwe wangu rudi. Mtoto anauliza." Mume wangu aliibeba kwenye mfuko wa shati la kombati na si pamoja na zile nyingine, na ndiyo maana imechakaa hivi. Kila mtu akizungumzia elimu ya watu wazima kwa takwimu, mimi naikumbuka karatasi hiyo.

Mimi nilikuwa nimehamishiwa Mwanza mwezi Machi, tuliposindikiza majeruhi kwa meli. Mwishoni mwa mwezi huo ndege ya Libya ilikuja kulipiga bomu jiji. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye bustani ya wanyama, na wanyama kadhaa wakafa. Habari zilifika mbele zikiwa zimekuzwa. Mume wangu aliniandikia barua yenye mwandiko nisiopata kuuona kabla, kalamu imechimba karatasi hadi upande wa pili. Amesikia Mwanza imeungua. Niko hai? Nimeumia wapi? Nimwambie ukweli, yeye ni mwanajeshi. Nilicheka nikalia. Kwa miezi mitano nilikuwa mimi ninayeandika barua za namna hiyo, na sasa alijua uzito wake. Nikamjibu kwa utangulizi kamili, kila neno mahali pake, nikaongeza kwamba waliouawa ni swala.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Barua yake ya siku zile ina furaha, lakini sehemu ninayoipenda haihusu ushindi. Anasema watu wa Kampala walishangaa kusikia Kiswahili chetu. Kwa miaka ya Amin, Kiswahili walikisikia kutoka kwa askari wanaoamuru, wanaotukana na wanaopora, na wengi walikiogopa. Sasa walikuja askari wanaosema tafadhali, wanaowaamkia wazee shikamoo, wanaoomba maji ya kunywa kisha wanashukuru. Anasimulia bibi mmoja aliyemtazama kinywa alipokuwa anazungumza, kana kwamba anangoja tusi litoke. Halikutoka. Bibi akampa ndizi.

Juni 3 majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan na vita vikahesabika vimekwisha. Barua hazikuisha. Vikosi vyetu vilibaki Uganda kulinda, na yeye akabaki navyo mwaka mzima zaidi. Barua za kipindi hiki ni za mambo ya nyumbani tu, na naona aibu kidogo jinsi zinavyonivutia kuliko zile za mapigano. Mabati mangapi yametosha. Fundi amekula pesa. Sabuni haipatikani, sukari ya mgao. Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mkanda miezi 18, na barua zangu za 1979 zinaonyesha mkanda ulivyofungwa: naeleza jinsi ya kufulia kwa majivu, na namwomba akipata kipande cha sabuni huko asikitumie, akilete.

Mwanzoni mwa 1980 nilipandishwa cheo, nikawa sajini. Nilimwandikia kwa tahadhari, kwa sababu ugomvi ule haukuwa umefungwa rasmi. Jibu lake sikulifungua kwa dakika kadhaa, nikitazama bahasha. Aliandika cheo changu kwa herufi kubwa kuliko jina, akapigia mstari mara mbili. Ndani hakurudia habari ya kutoka jeshini, na hakuirudia tena maishani.

Alirudi akiwa haisikii sauti yangu. Akinitazama mdomo alielewa, lakini gizani au nikiwa jikoni hakupata kitu. Daktari alisema ni mizinga na kwamba haitarekebishika. Tukaendelea kuandikiana. Siku za mwanzo ilikuwa kwa dharura tu, kipande cha karatasi mezani. Halafu ikawa desturi ya nyumba. Yaliyokuwa mepesi tuliyasema kwa mikono na midomo, na yaliyokuwa mazito tuliyaandika. Ada ya shule ya mtoto wa pili tuliijadili kwenye daftari. Habari za kifo cha mama yangu alinipa kwa maandishi, akaketi nami nilipokuwa nasoma. Vita hakuvizungumzia kwa mtu, hata wanawe walipomwomba. Alipofariki, mwaka 2014, watoto waliniuliza baba alipigana wapi na alifanya nini, nikafungua sanduku nikawapa barua. Walisoma mpaka alfajiri, wakabishana mwandiko wa nani ni upi.

Tuliokuwa vitani tunakwisha. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule leo amepita 60, na wengi wetu tulikuwa wakubwa zaidi ya hapo. Najua kuna barua nyingine nyingi, maana niliziandika mwenyewe mamia kwa mkono wangu kwa niaba ya watu, na zilikwenda Dodoma, Kigoma, Lindi, Pemba, kila mahali palipotoa askari. Ziko masandukuni. Baadhi zimeliwa na mchwa, baadhi zimewashiwa moto, kwa sababu aliyezirithi aliona ni karatasi za salamu tu.

Ukiwa na barua ya namna hiyo nyumbani kwenu, iwe ya JWTZ, ya mgambo, ya JKT au ya raia wa Kagera aliyekimbia, nakuomba uitoe leo. Itoe kwenye nailoni, maana nailoni hushika unyevu. Chomoa pini, zina kutu. Usiipake gundi wala usiipeleke kufungiwa plastiki. Mwulize mzee aliyepo ni ya nani kwa nani, na uandike jibu kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na mwaka. Ipige picha. Kisha zungumzeni kama familia kuhusu kuipeleka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, itunzwe na watu wanaojua kutunza. Sisi tumeshakubaliana, na za kwetu zitapelekwa mwaka huu, pamoja na ile ya mama yangu. Fanyeni hivyo wenye barua wakiwa bado wapo wa kuulizwa.